Mtaalamu wa Nukta

Bwana Hakika aliiona riziki yake ikining'inia ukutani kwa kinyozi: kalenda ya muuza vitambaa. Muuza vitambaa mwenyewe ndiye aliyekuwa kwenye picha, kavaa suti ya mistari myembamba, lakini suti ilijaa mawimbi na miduara utadhani aliyemo ndani anachemka. Kila aliyekaa kunyolewa aliitazama, akafikicha macho.

"Hiyo ya majaribio," alisema kinyozi. "Mwenyewe kaikataa. Wachapaji wasipoitengeneza wiki hii, anahamisha kazi zake zote."

Bwana Hakika aliinuka na nusu ya kichwa bila kunyolewa. Ieleweke kwamba hakuwa mtu wa tamaa. Alikuwa na shida. Alikuwa ameuza cherehani ya dada yake, dada aliyemlea tangu mama yao alipofariki, naye dada kamfungia mlango mpaka cherehani irudi. Aliyeinunua alikuwa mshona madaftari wa mtaa wa pili, ambaye alikubali kuibadilisha kwa rimu kumi za karatasi safi. Na karatasi hukaa wapi kama si kwa wachapaji? Akapita kwa fundi saa, akaazima lenzi ya kukuzia kwa ahadi tamu, akaelekea kiwandani kwao.

Mwenye kiwanda alikuwa mzee aliyezima taa mchana na kukaa mlangoni ili asome kwa jua la bure.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama ni mchango, tumeshatoa."

"Hakika, mzee, mimi nimekuja kuleta." Akaweka lenzi juu ya nakala ya ile kalenda iliyoharibika, iliyokuwa mbele ya mzee. "Picha yako ni nukta tupu."

"Picha zote za kuchapa ni nukta. Hata mke wangu anajua."

"Zimesimamaje?"

"Kwa safu."

"Na suti ya tajiri wako?"

Mzee akainamia lenzi.

"Safu juu ya mistari, mzee. Mafahali wawili zizi moja. Hayo mawimbi ndiyo ugomvi wao. Zitawanye nukta, zimwagike ovyo kama mchele sakafuni, mistari itagombana na nani?"

Bwana Hakika hakuwa amesoma neno hata moja la hayo. Aliyatunga palepale, kwa heshima zote. Akatoa flashi mfukoni, akasema kwamba programu ya kutawanya nukta imo humo, na ujira wake ni rimu kumi. Humo mlikuwa na nyimbo za harusi ya binamu yake. Mpango ulikuwa kuondoka na karatasi kabla mtu hajazisikia.

"Kwanza tuone," alisema mzee, akafunga mlango kwa ufunguo na kuagiza chai.

Bwana Hakika aliinywa chai ile akiutazama ufunguo. Aliogopa, na tusimfiche. Lakini fundi wa pleti, yale mabati ya kuchapia, mwanamke mwenye wino hadi kwenye nyusi, hakuigusa hata hiyo flashi.

"Bosi, nukta za kutawanya zimo humuhumu kwenye kompyuta yetu. Ulisema tusibonyeze tusichokijua."

Akabonyeza. Suti akaipa nukta za kutawanya. Uso akauachia za safu, maana zikitawanywa usoni, alisema, ngozi hutoka na chenga. Pleti ikatoka, ikafungwa, mashine ikanguruma. Wote wakainamia karatasi ya kwanza iliyotoka safi. Suti ilikuwa imetulia, kila mstari mahali pake.

Aliyeshangaa kuliko wote alikuwa mtaalamu. Alikuwa amesema kweli. Hakuwahi kujua inavyolevya.

Mzee alicheka, kisha akaacha kucheka. Dawa ilikuwa nyumbani kwake miaka yote, na sasa anailipia! Lakini ahadi ni deni, akasema, na mzigo ataufunga mwenyewe. Bosi gani hufunga mizigo? Siku nyingine Bwana Hakika angejiuliza. Siku hiyo alikuwa anajiona mtu mwema.

Dada aliitwa kwa mshona madaftari kushuhudia. Rimu ya kwanza ikachanwa. Juu karatasi safi, chini karatasi safi. Katikati zilikuwa zile ambazo wachapaji huzipitisha na kuzirudisha mashineni mpaka rangi ikae sawa: bei ya saruji juu ya dawa ya kikohozi juu ya tangazo la mahafali. Rimu zote kumi zilikuwa hivyohivyo. Mjini watu huingizwa mjini, na aliyezoea kuwaingiza wenzake hana pa kushtaki.

"Uliwauzia nini?" aliuliza dada.

"Ukweli, dada. Haki ya Mungu." Akaeleza nukta, safu, suti na mafahali. Dada alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Hata kudanganya umesahau. Na ndio ufundi pekee uliokuwa nao."

Maneno hayo yalimuuma kuliko karatasi zote.

Mshona madaftari alikuwa akigeuzageuza rundo. "Nyingi zina upande mmoja mweupe. Zikichambuliwa mojamoja, zinafaa madaftari ya mahesabu. Cherehani chukua, dada. Huyu niachie, achambue na ashone mpaka ziishe."

"Atakimbia."

"Sikimbii," alisema Bwana Hakika. Ikawa kweli ya pili kwa siku moja, naye akaketi sakafuni, akavuta rimu ya kwanza.

Dada alijitwika cherehani yake. Alipofika mlangoni alisimama bila kugeuka.

"Jioni ukitoka kazini," alisema, "usibishe hodi. Utakuta pako wazi."