Karamu ya Kucha Sebuleni Kwangu

Jumanne, 3 Juni
Siku ya kumi na moja. Mke wangu bado yuko kwa dada yake, mtaa wa pili tu. Nyumba kimya, nasikia friji ikikoroma.

Kisa ni kidogo, ila nakiandika ili nisije nikasingiziwa. Mimi ni fundi rangi wa magari, mwaka wa ishirini na sita sasa. Mteja alileta gari jekundu lenye mkwaruzo mlangoni. Wekundu ule madukani haupo. Ulikuwepo chumbani kwetu, kwenye kichupa cha rangi ya kucha ambacho mke wangu alikiweka kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Nilikimaliza chote. Mlango ukatoka kama mpya!

Alikwenda harusini na kucha tupu. Aliporudi alitaka kusikia neno moja tu, samahani. Nikamwambia aje kwanza auone mlango. Akafunga begi.

Jumatano, 4 Juni
Mnyoosha Bodi, tunayegawana naye karakana, ana mke anayemletea chakula kila mchana. Hula akiwa amenigeukia, makusudi. Leo alinishauri niende kwa shemeji, niombe msamaha, nirudi na mwenzangu kabla jua halijazama. Nikamjibu kuwa mtu anayeshinda na nyundo hawezi kuelewa mambo laini. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Sijui alikuwa anamsema nani.

Mpango ninao. Jumamosi, karamu ya kucha, hapa nyumbani! Nitawaalika rafiki zake watatu: muuza vitambaa, muuguzi, na jirani yetu Mama Redio, ambaye habari hailali kwake. Mke wangu simwaliki. Hapo ndipo penye akili. Atasikia, roho itamuuma, atakuja kwa miguu yake mwenyewe. Nami sitakuwa nimetamka neno.

Alhamisi, 5 Juni
Mama Redio aliuliza nani atapaka. Nikasema mimi. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Nikamsihi asimwambie mke wangu hata kidogo. Kabla sijafika kwangu nilimwona akielekea mtaa wa pili, kanga begani, mbio.

Jumamosi, 7 Juni
Wamekuja wote watatu. Nilitandika nailoni kwenye makochi na kuwazungushia vidole karatasi ya gundi, kama tunavyoziba vioo vya gari. Msasa laini. Rangi ya msingi. Muuguzi akauliza kama kweli kucha zinahitaji rangi ya msingi. Nikamuuliza kama yeye angepaka rangi juu ya kutu. Akanyoosha vidole. Tabaka mbili za rangi nyekundu, kisha vanishi ya gari, ile isiyoogopa mvua wala jua.

Zikang'aa! Hata muuza vitambaa, asiyesifu cha mtu, alisema mashallah. Kisha nikawatangazia kuwa inakauka kwa saa sita na wasiguse kitu.

Hapo mambo yakaharibika. Chai imeiva, wa kushika kikombe hakuna. Nikawanywesha mmoja mmoja, mtu mzima mimi, nikipuliza kwanza. Pua ya Mama Redio ikamwasha, nikaikuna. Jicho langu moja lilikuwa mlangoni muda wote. Kila viatu vilivyopita nje nilijua ni vyake. Havikuwa vyake.

Jumapili, 8 Juni
Amekuja, na wale watatu nyuma yake! Lakini hakuja kwa wivu. Rafiki zake walikwenda kumlilia kwamba rangi haitoki kwa dawa yoyote. Muuguzi amerudishwa kutoka wodini. Kazi ile haitaki kucha zilizopakwa.

Hakunisalimia. Aliomba tina, ile tunayoyeyushia rangi kazini, na pamba. Akafungua madirisha, akaketi, akawashika mikono mmoja baada ya mwingine, taratibu, saa mbili nzima. Mimi nilikuwa mleta maji na sabuni. Wenzake walicheka kidogo, yeye hakucheka. Nilimtazama anavyoinamisha kichwa akifanya kazi. Nilikuwa nimemkosa kuliko nilivyodhani.

Wageni wakaondoka. Yeye akabaki, mkoba mapajani. Akauliza, kwa upole kabisa, kama nina la kumwambia.

Nilikuwa nalo. Naapa nilikuwa nalo. Neno lilipanda, likafika menoni. Nikafungua mdomo, nikamwambia vanishi ile ni imara ajabu, ameona mwenyewe, hata tina imehangaika nayo.

Alinyanyuka na mkoba wake. Akasema, "Haya, baba." Akavaa viatu. Mlangoni alinikunjulia kola ya shati, iliyokuwa imejikunja, akaenda zake. Nililia jikoni. Si sana.

Jumatatu, 9 Juni
Nilimsimulia Mnyoosha Bodi yote. Akaweka nyundo chini, jambo asilolifanya hata kwa wateja. Akasema, ndugu yangu, yule mama alikuwa amekaa hapo anangoja neno moja. Moja! Nikamwambia atulie, kosa nimeshaligundua mwenyewe. Sikumficha: nilianza na mikono. Mwanamke anayetakiwa kurudi nyumbani huanzwa na miguu, maana ndiyo itakayomleta.

Jumamosi ijayo, karamu ya kucha za miguu. Wageni ni wale wale watatu, ingawa bado hawajajua. Mabeseni nimeazima manne.