Bata Ishirini na Wanne Wasiotaka Kuganda

Jumatatu, 4 Mei 2026
Mvua zimekwisha, uvundo umebaki. Mkuu wa shule ametangaza nafasi moja ya kwenda kusoma shahada ya pili. Mwisho wa umri ni miaka arobaini na tano. Nina arobaini na nne na miezi tisa. Baba aliniita Goodluck. Nadhani alikuwa na haraka. Litapelekwa jina la mwalimu atakayefanya vizuri zaidi kwenye maonyesho ya sayansi ya shule, Ijumaa. Tumejitokeza wawili: mimi wa fizikia na Mwalimu Happiness wa biolojia, anayeotesha mbegu za korosho kwenye makopo. Makopo!

Jumanne, 5 Mei
Kompyuta imegoma. Ndani yake mna nukta zangu mia tatu za maonyesho, zinazotembea kwenye kioo kama kundi la ndege. Kila nukta hutazama majirani zake na kuelekea wanakoelekea, ikikosea kidogo. Makosa hayo wataalamu huyaita kelele. Kelele ikiwa nyingi, kila nukta na njia yake. Unaipunguza, hakuna kitu. Unaipunguza tena, hakuna kitu. Halafu ghafla kundi zima linashika upande mmoja, kama maji yanavyoganda. Sijawahi kuona kitu kizuri zaidi, na nimekiona peke yangu. Fundi wa mtaa wa Chuno anasema haitapona mpaka wiki ijayo. Itabidi nitumie bata.

Jumatano, 6 Mei
Nimekwenda kijijini Kilambo kwa Inasio, mkulima ambaye wazazi wake walitoka ng'ambo ya mto Ruvuma. Ana bata ishirini na wanne wanaotembea pamoja. Amekubali kuwaleta. Nikamweleza nadharia nzima, saa moja na nusu. Akauliza yeye hasa afanye nini. Nikamwambia jambo moja tu: Ijumaa kelele isiwepo kabisa, kelele ndiyo inayovunja kundi. Akasema mwalimu ndiye anayejua. Niliipenda heshima ile.

Alhamisi, 7 Mei
Happiness ameniuliza kwa upole kama bata wangu watahitaji maji. Ujasusi mtupu. Nimemjibu kwamba fizikia haina kiu.

Ijumaa, 8 Mei
Aibu. Inasio alifika mapema, kimya. Mkuu akaketi mbele, wanafunzi nyuma yake. Nikahutubia juu ya kuganda kwa makundi, bata wakafunguliwa. Mmoja akaingia jikoni. Watatu chini ya kiti cha Mkuu. Waliobaki wakasimama, kila mmoja akitazama kwake. Nikamnong'oneza Inasio afanye kitu. Akaninong'oneza kwamba bata wake hufuata kopo la pumba likitikiswa, ila kopo ameliacha nyumbani, maana nilikataza kelele. Nikaanza kumweleza kwamba kelele ya hesabu si ya masikio. Happiness hakungoja maelezo. Alichukua kopo la mbegu kavu za korosho, ambazo hajazipanda, akalitikisa mara mbili. Bata wote wakageuka, hata wa jikoni, wakamfuata mpaka meza ya biolojia. Wanafunzi wakashangilia. Mkuu akaandika kitu.

Jumatatu, 11 Mei
Limepelekwa jina la Happiness. Nimeumia, sifichi. Baada ya miezi mitatu mlango unafungwa, sitasoma tena.

Asubuhi ofisini kila mwalimu alikuwa na lake. Wengine walinihurumia, wengine walisahihisha madaftari, wawili walisema bata walionewa. Halafu Mwalimu Rebeka akainuka kumpa Happiness mkono. Jirani yake akainuka. Jirani wa jirani naye. Kufumba na kufumbua ofisi nzima ilikuwa kwenye foleni, nami nilikuwemo. Sijui niliinukaje. Nilimpa mkono na kupiga makofi kuliko wote.

Mchana kutwa nimetafuta kosa lilikuwa wapi. Nje ya kompyuta, kundi linalogeuka ghafla, bila kuitwa na mtu, kwa macho yangu sijaliona hata mara moja. La Ijumaa silihesabu, ile ilikuwa njaa. Jibu nimelipata: bata si wanyama makini. Nimempigia Inasio simu kuulizia mbuzi.