Haja Ndogo ya Abasi

Jumatatu, 4 Machi 1974

Nimekojoa damu. Si nyingi, matone ya mwisho tu. Lakini damu! Miaka kumi na sita, kidato cha pili, na nimekwisha.

Nimezikagua dhambi zangu zote. Msichana pekee niliyewahi kumgusa ni Maua, na nilimgusa kiwiko, kwenye foleni ya unga. Je, kiwiko kinaambukiza? Sina wa kumwuliza. Daktari Bernardo wa zahanati yetu hucheza bao na Baba kila jioni barazani kwetu. Nikimwambia yeye, nimemwambia Baba. Na Baba ni fundi cherehani: akijua yeye, wateja wanajua, Gongoni yote mpaka Mtendeni.

Uamuzi: kunyamaza. Nitakunywa maji mengi mpaka damu ichoke yenyewe.

Jumanne, 5 Machi

Damu haijachoka.

Mama ameona sili. Kanipeleka zahanati akiwa amenishika mkono. Mkono! Daktari akauliza naumwa nini, Mama akajibu kichwa. Akauliza tangu lini, Mama akasema tangu Jumapili. Akauliza kama nalala vizuri, Mama akasema nakoroma. Mdomo wangu ulikuwepo, ila hakuna aliyeuhitaji.

Kisha Daktari akakohoa, akaitazama kalenda ukutani, akaniuliza choo kidogo kinaendaje. Nikadhani ni ile kampeni ya vyoo, ya Mtu ni Afya. Nikamjibu kwa fahari:

“Si kidogo, Daktari. Kinatosha familia nzima. Kina mfuniko, na balozi wa nyumba kumi amekikagua.”

Mama akaongeza kwamba tunakimwagia majivu. Daktari akarudi kwenye kalenda. Nimepewa aspirini.

Nilielewa swali tukiwa njiani. Masikio yanawaka moto mpaka sasa.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda peke yangu baada ya shule. Nikatoa shikamoo, nikapokea marahaba, nikasema nina rafiki, na huyo rafiki anakojoa damu. Je, atakufa? Daktari akauliza rafiki anaitwa nani. Hilo sikuwa nimelipanga! Nikasema Mayala. Ndiye ninayekaa naye dawati moja. Ana nguvu kama ng’ombe wa plau, hajaumwa hata mafua.

Daktari akasema kwa upole kwamba Mayala aje mwenyewe, asiogope, na alete mkojo kidogo kwenye chupa safi. Akanitazama kwa muda mrefu. Nami nikaitazama kalenda. Sasa najua kwa nini huwa anaitazama. Inasaidia.

Alhamisi, 7 Machi

Mayala alikataa. Nikambembeleza, akakataa tena. Nikamwahidi suruali ya bugaluu, pana chini kama walizokuwa wakivaa Dar es Salaam kabla hazijapigwa marufuku, nitakayoishona mwenyewe kwa cherehani ya Baba. Akakubali kabla sijamaliza. Mpango: apeleke chupa yangu, aseme mkojo ni wake, apewe dawa, aniletee. Nani atajua?

Jioni. Mayala amerudi. Daktari ametazama kwenye darubini, akaona mayai ya kichocho. Kichocho! Wadudu wa bwawani, tunakoogelea. Si kiwiko cha Maua! Nimeruka kwa furaha. Nikanyoosha mkono nipewe vidonge.

Mayala akasema vimo tumboni mwake. Daktari kamsimamia avimeze palepale, eti vijana huvitupa njiani. Nikamwuliza kwa nini hakukataa. Akaniuliza angekataa kwa sababu gani. Kisha akauliza nitampima suruali lini.

Ijumaa, 8 Machi

Siku mbaya kuliko zote.

Asubuhi, kwenye mchakamchaka, Mayala alianguka katikati ya wimbo. Akatapika. Akaniita bibi yake. Tukambeba mpaka zahanati. Daktari akasema ugonjwa umemwingia vibaya, akaagiza sindano ya dawa ileile ya kichocho.

Nilisimama nyuma ya mlango. Nilitaka kukimbia. Mama yake Mayala, Mama Kashindye, alifika na mikono kichwani, akiuliza atabaki na nani. Akaniona. Akanishika mabega, akanishukuru kwa kumbeba mwanawe. Akanishukuru!

Nilikusudia kunong’ona. Haikuwa hivyo.

“Msimchome! Mkojo ni wangu!”

Foleni yote iligeuka. Kina mama wenye watoto mgongoni. Wazee. Na Maua, aliyemleta mdogo wake mwenye kikohozi. Maua!

Daktari akaiweka sindano chini. Mama yangu alikuwa tayari mlangoni, habari za Gongoni hazingoji kuvaa viatu. Alianza kueleza kwamba naumwa kichwa. Daktari akamwambia, “Bi Sikuzani, leo nitazungumza na Abasi mwenyewe,” akafunga mlango.

Kisha akasema mkojo. Alilitamka neno lenyewe kama mtu anayesema sukari. Akauliza yote, nikajibu yote, nikilia kidogo. Akauliza kama nilihofu atamwambia Baba. Nikasema ndiyo, kwenye bao. Akasema siri ya mgonjwa haifiki barazani. Tena Baba hajui hata kwamba yeye Daktari humwachia ashinde.

Akasema naye alikosea Jumanne. Aliona haya kulitaja neno mbele ya Mama, ndiyo maana tukaishia chooni.

Nimemeza vidonge vyangu. Ni vichungu ajabu. Kumbe ndivyo vilivyomlevya Mayala, mtu mzima wa afya. Alikuwa kwenye benchi la nje, anakunywa uji, macho yamerudi mahali pake. Nikamwomba radhi mama yake. Hakunifokea. Alisema tu, “Nenda nyumbani, mwanangu.” Heri angenichapa.

Jumatatu, 18 Machi

Damu imekoma. Mayala amepona na suruali ameipata. Mguu mmoja ni mpana kuliko mwingine. Ameivaa hivyohivyo, lakini dawatini amehamia upande wa dirisha. Maua akiniona anaitazama barabara.

Daktari ametenga Jumamosi asubuhi kwa vijana, wazazi wabaki nje. Anataka niwaeleze wanafunzi wenzangu. Kakosa mtu mwingine?

Alhamisi, 21 Machi

Nimehutubia shule nzima! Nimewaambia daktari si adui. Nimewaambia aibu ndiyo inayotuua, na kila kiungo kina jina lake, kitajwe. Wamepiga makofi. Hata mwalimu mkuu kapiga.

Baadaye Daktari Bernardo akaniita kando, akauliza kama mimi mwenyewe nina tatizo lolote. Nikamwambia sina, niko salama kabisa. Akasema basi nikae, nipumzike. Nikamwambia napenda kusimama.

Nimekula chakula cha jioni nimesimama. Ni jipu. Lilipoota hapaandikiki, hata humu.

Jumamosi nitamwambia Daktari ni la babu yangu wa Nzega, mzee sana, hawezi kusafiri, nimpelekee dawa. Babu alifariki mwaka wa Uhuru, Mungu amrehemu. Sidhani kama atakasirika.