Mkuu Wangu wa Kitengo Hajazaliwa

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Idara ya Maji,

YAH: KUTOZALIWA KWA MKUU WANGU WA KITENGO

Ni matumaini yangu kuwa barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti chako, na unaonekana kwa macho. Naanza na dua hiyo kwa sababu siku hizi kuonekana kwa macho si jambo la kila mkuu. Mimi ni mtunza ghala la vipuri, yule wa chumba cha nyuma chenye mashelfu ya mita na koki, ambako paa linavuja juu ya mabomba.

Shida yangu ni moja. Binti yangu wa kwanza anaolewa Jumamosi ijayo, katika mji ulio mbali, safari ya kutwa nzima. Naomba likizo. Ombi nimelituma kwenye mfumo mpya wa kompyuta, nao kila siku unanijibu kwa adabu kwamba linasubiri idhini ya mkuu wa kitengo. Naomba nikueleze huyo mkuu ni nani, na uniwie radhi nikipandwa na hasira njiani.

1. Mfumo ulipopangwa, kamati ilikaa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi mpaka biskuti zikaisha. Walihojiwa wakuu na manaibu wao. Ghalani hakuja mtu, isipokuwa mtaalamu mmoja aliyepotea akitafuta choo. Nilimwelekeza, akanishukuru, na baadaye nikasoma kwenye ripoti kwamba watumiaji wa ngazi ya chini walishirikishwa kikamilifu.

2. Wajenzi wa mfumo walitaka kuona kama unafanya kazi, wakabuni mtumishi wa uongo, wakamwita Mtumishi Jaribio, wakamweka kitengo chetu. Majaribio yakaisha, keki ikakatwa, wajenzi wakaaga. Jaribio hakuaga. Na mkataba wao wa matengenezo uliisha wiki ileile mfumo ulipoanza kuhitaji kutengenezwa.

3. Mfumo ukapewa kazi ya kupendekeza wa kupandishwa cheo. Ukatafuta mtumishi asiyechelewa, asiyeugua, asiyelalamikiwa na mtu, asiyepoteza hata kizibo. Hapo nani angemshinda Jaribio? Mimi nimelitunza ghala hili tangu koki zikiwa za shaba, lakini nina mwili, na mwili una mafua. Akawa mkuu wa kitengo. Siku ya kumpongeza tulipiga makofi tukikitazama kiti.

4. Kisha mfumo ukagundua kuwa Jaribio hajawahi kupumzika, na kanuni zinakataza kumchosha mtumishi. Ukampa likizo. Mheshimiwa, hapa ndipo panaponiuma. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini naona kamati haikuwahoji wahenga pia. Mimi mwenye binti, mwenye suti iliyokwishapigwa pasi, nimebaki. Aliyekwenda kupumzika ni mtu asiye na miguu ya kuchoka. Nilipomsimulia mke wangu, alisema, "Baba watoto, asiyekuwepo kapata likizo. Wewe uliyepo unashindwaje?" Nikajifanya natafuta viatu.

5. Nilikwenda kwa fundi wetu wa kompyuta, tunayemwita Zima-Washa kwa kuwa hiyo ndiyo dawa yake ya kila ugonjwa. Akazima, akawasha. Jaribio alikuwa bado likizo. Nikamwomba amfute. Akaniambia kumfuta mtumishi kunahitaji idhini ya mkuu wake wa kitengo, halafu ya Mkurugenzi. Nikamuuliza mkuu wa kitengo wa Jaribio ni nani. Akanionyesha jina kwenye kompyuta: Jaribio mwenyewe. Nililituma ombi hivyo hivyo, na sasa maombi yangu mawili yamepanga foleni kwenye mlango wa mtu asiye na mlango.

6. Kwa hiyo naomba Jaribio aitwe kazini kwa maandishi, na asipofika ashtakiwe kwa utoro mbele ya kamati ya nidhamu, kiti chake kikiwepo. Ikiwa hilo ni gumu, basi nifutwe mimi, nisajiliwe upya nikiwa mtumishi wa uongo, maana nimechunguza nikaona hao ndio wanaosikilizwa. La mwisho kabisa, idara imwandikie rasmi bwana harusi asogeze siku. Ni kijana mwelewa.

Utani kando, Mkurugenzi. Yule mtoto nilimfundisha kutembea kwa kumshika mkono, na siku hiyo nataka nimshike tena. Nikikosa, sitajisamehe wala mama yake hatanisamehe.

Nisalimie manaibu wako, katibu muhtasi, dereva, na mlinzi wa geti anayenipa pole kila asubuhi. Na mfumo nao, ukiwa umewaka.

Mimi mtumishi wako, ninayeonekana,

Mtunza Ghala la Vipuri

Nyongeza: Nilikwishaifunga bahasha, nimelazimika kuifungua. Leo asubuhi Mkuu wangu wa Kitengo amerejea kutoka likizo. Kabla chai yangu haijapoa, alikuwa ameshaidhinisha safari yangu ya harusini. Ameidhinisha pia glavu, buti na ile ngazi tuliyoiomba enzi za wakuu watatu waliopita, wote watu wa nyama na damu. Zima-Washa anasema wajenzi walimtengeneza akubali kila kitu ili wamalize majaribio upesi. Mimi nasema ni utu. Naomba uyapuuze yote niliyoandika hapo juu, maana sijawahi kupata bosi kama huyu. Tatizo ni lile ombi la kumfuta: nalo ameliidhinisha mwenyewe, bila kinyongo, limekuja kwako. Limebaki kubofya tu. Nakuomba kwa heshima zote, Mkurugenzi, usibofye.