Watu wa Nengo Sasa Wanajibu Habari

Ndugu Mwalimu Nziza,

Kwa uzito unaostahili, nakuarifu kwamba leo asubuhi, mtaani Nengo, mtu mzima ameulizwa habari, naye akajibu.

Umetutaka wakazi tukuandikie maoni kuhusu kazi ya mwanafunzi wako wa saikolojia, Iribagiza, kabla hujampa alama na kuipeleka rasimu yake wilayani. Basi mimi, fundi cherehani, naomba apate sifuri, kwa sababu hizi:

1. Kazi yake ilikuwa kuandika kifungu kimoja cha sera ya afya ya akili kutokana na mazungumzo nasi. Akakisoma mkutanoni baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa: "Anayeulizwa habari ajibu ukweli; anayeuliza asubiri jibu." Tukapiga makofi, tukidhani ni sera kama nyingine, itapelekwa kabatini ikapumzike. Kumbe watu walisikiliza.

2. Donatille, anayetuletea sambaza kutoka Rubona, zamani ukimuuliza habari alisema "muzuri" nawe ukaondoka na samaki wako. Siku hizi anatua beseni kwanza. "Bon, papa Johnson, mwili iko, lakini roho imechoka, mi siwezi kukudanganya." Inafuata ya mkwe, kisha ya goti.

3. Cyusa wa pikipiki nilimuuliza tukiwa mlimani. Akasimama, akavua helmeti, akaniomba nami nivue yangu nimsikie vizuri. Suruali ya bwana harusi ilifika kanisani baada ya bwana harusi.

4. Mkuu wetu wa mtaa, mzee Hitimana, alikuwa ananipungia mkono kwa mbali. Sasa anavuka barabara. Anakaa.

5. Nimeitikia "nzuri" tangu Karagwe nilikokulia, na hakuna aliyewahi kudai ushahidi. Mtu wa umri wangu, na kitambi hiki, ndiyo aanze mitihani?

Napendekeza wanafunzi wapewe kazi isiyogusa watu. Waandike insha ndefu, ikae kwako.

Wasalimie wahadhiri wote na familia zao. Majibu si lazima.

Wako mtiifu,
Johnson Mugabo,
Nengo, Gisenyi

Nyongeza: Yule mtu mzima wa leo asubuhi ni mimi. Iribagiza alileta sketi ya kupunguza, akaniuliza habari. Nikasema nzuri. Akasubiri. Nikashona mshono mzima, naye bado amesimama, hata simu hakushika. (Mshono huo, nimekuja kuona, umefunga mguu wa suruali ya mteja.) Ndipo nikamwambia kwamba tangu mke wangu Mukamusoni afariki, bado napika chakula cha watu wawili. Hakunipa ushauri. Aliuliza tu, "Na hicho cha pili, baba?" Nikamwambia huwa nakimwaga. Sikuwa nimemwambia mtu.

Mchana, Hitimana alipovuka barabara, nilikuwa nimeshamwekea sahani. Mpe binti huyo alama zote, na kifungu kiende wilayani kama kilivyo, hasa pale pa kusubiri.