Mheshimiwa Amekosa Pumzi

Jumatatu, 4 Machi

Mtoto amelala. Naandika nikiwa kwenye kiti cha mbele cha Mheshimiwa, gari letu, maana kwingine halali. Kitandani analia, mgongoni analia, kwa bibi yake analia. Mtie kwenye gari hili, zunguka mtaa, kimya. Sijui waliolitengeneza waliweka nini. Kuukuu, sawa. Lakini viti ni vya ngozi, dashibodi ya mbao, na mlango ukiufunga unasema "pwu" kwa adabu. Nalipenda kama ndugu.

Kasoro moja: ukikanyaga mafuta linakoroma, mtoto anashtuka. Leo nimelimaliza hilo. Nimefungua boneti, nikasikiliza. Kelele inatoka kwenye mdomo wa bomba pana lililojificha nyuma ya taa. Bomba lenyewe tupu, halina kazi yoyote. Nimelisokomeza humo blanketi la mtoto, lile alilofuma mama mkwe. Utulivu wa ajabu. Kumbe ufundi ni akili tu.

Jumanne, 5 Machi

Mlimani, Mheshimiwa ameishiwa nguvu. Ghafla. Nakanyaga, hapandi. Taa ya njano ikawaka. Baiskeli ikatupita, mwenyewe akanipa pole. Nimerudi kinyumenyume, mtoto kanikodolea macho njia nzima.

Baba Mtoto kasema amechoka nalo. Gari lisipopona kufikia Jumapili, mdogo wake atalichukua akaliuze vipuri. Shemeji huyo huyo anayeliita jeneza la ngozi. Nimemuuliza mbona nywele anachania kwenye kioo cha jeneza hilo.

Likienda gari, usingizi wangu umekwenda nalo. Lakini sina wasiwasi, ni mafuta machafu. Nimekwenda kituo cha mafuta, nikamsomea mhudumu mashtaka yake yote. Akaniuliza nilijaza lini. Nikakumbuka nilijaza kituo kingine. Nimeondoka na heshima yangu, polepole, kwa kuwa Mheshimiwa haraka hana.

Jumatano, 6 Machi

Fundi amekuja nyumbani. Wanamwita Kipaza Sauti kwa vile hunong'ona. Raha kumtazama: ananawa mikono kabla ya kugusa injini, kama anayekwenda kula. Kasafisha plagi, kakagua pampu ya mafuta. Mheshimiwa akiwa amesimama ananguruma vizuri, ugonjwa hauonekani. Fundi akachomeka kompyuta yake. Ikasema injini haipati hewa ya kutosha. Akaahidi kurudi Jumamosi kutafuta sababu.

Sababu yenyewe iko wazi. Nimeteremsha vioo vyote, nikazunguka mtaa. Hakuna nafuu, na mtoto sasa ana mafua.

Mama mkwe ameuliza blanketi liko wapi. Nimesema nimelifua. Akatazama kamba ya nguo. Nikasema linakaukia mahali penye joto. Uongo wenyewe haukuwa mkubwa.

Ijumaa, 8 Machi

Mheshimiwa hafiki tena hata kona ya kwanza. Mtoto halali. Mimi silali. Asubuhi nimemimina chai kwenye chupa yake ya maziwa, nikagutuka kabla hajainywa. Nimemwambia, kwa upole lakini bila mjadala, kwamba usingizi si hiari. Kanicheka.

Nimemwomba shemeji kigari chake kipya, nijaribu. Mtoto kapiga mayowe mpaka akatapika kwenye kiti. Nimerudisha ufunguo na kusema asante. Nakiri nilikuwa natabasamu.

Jumamosi, 9 Machi

Tumesimama wote uani: Baba Mtoto, mama mkwe, na shemeji na kamba yake ya kuvutia gari. Fundi akaniambia nikae, nikanyage mafuta hadi chini. Akainamisha sikio, akaifuata sauti ya kufyonza mpaka nyuma ya taa. Akaingiza mkono. Likatoka blanketi, taratibu, kama ndama anayezaliwa. Akanong'ona kwamba bomba hilo ndilo pua ya gari.

Baba Mtoto akauliza nani kaweka kitu hicho humo. Nikafungua mdomo. Mama mkwe akaniwahi. Akasema ni yeye, panya walikuwa wanaingia. Akalikung'uta blanketi, akaliinua juani, akasema tazameni, injini nzima imelivuta na hakuna hata uzi uliochomoka. Kisha akamwambia shemeji akunje kamba yake.

Sijawahi kumpenda mtu namna ile. Jikoni nikaanza kumshukuru, akanikatiza. Nisimtibu tena mgonjwa ambaye mwili wake siujui. Na nikalale, mtoto yuko naye. Nimeapa kuyatii yote mawili.

Jumapili, 10 Machi

Mheshimiwa kapanda mlima kama kaitwa ikulu. Yule wa baiskeli nimempita, nikampa pole. Mtoto kalala kabla ya kona ya kwanza.

Imebaki ngurumo kidogo tu, kwa nyuma, chini. Nimeinama nikatazama. Ni bomba jingine, jembamba. Linatoa moshi tu, kazi nyingine halina.

Mama mkwe ameanza kumfumia mtoto soksi. Nimemsifu sana. Nimemwomba moja aifanye pana kidogo.