Makumbusho Manne kwa Siku Moja

Jumatano, 3 Mei

Barua imefika. Bi Casilda anakuja! Keshokutwa jioni, kwa treni, kutoka Burgos mpaka hapa kwetu Córdoba. Ataondoka Jumanne. Ameandika waziwazi: anakuja kuutazama mji na kunitazama mimi, na vyote viwili vikimpendeza, atapangisha nyumba yake na kuhamia huku. Nina miaka sitini na minane, mgane wa mwaka wa sita. Nampenda mwanamke huyu. Tulicheza dansi mara mbili tu, kwenye safari ya wastaafu ya ufukweni mwaka jana, na tangu hapo nimemwandikia barua arobaini.

Kuna tatizo dogo. Katika barua hizo nimejieleza kama mtu anayeshinda kwenye makumbusho. Kwamba wataalamu huniuliza maoni. Ukweli ni kwamba nimeuza viatu maisha yangu yote, na mara ya mwisho kuingia makumbusho nilikuwa na miaka tisa. Nilitolewa nje kwa kumpanda simba wa mawe.

Sina wasiwasi. Nina mpango. Huu ni msimu wa mashindano ya nyua za maua, mji umefurika, Jumamosi na Jumapili hapapitiki. Kwa hiyo makumbusho yote manne tutayatembelea Jumatatu, wageni wakiwa wamerudi makwao. Tena shemeji yangu Acisclo, kaka wa marehemu mke wangu, ni mlinzi katika makumbusho ya mambo ya kale, na mdomo wake hauna kufuli. Lakini Jumatatu huwa haendi kazini. Miaka yote, Jumatatu yuko baa. Bahati iliyoje!

Alhamisi, 4 Mei

Leo masomo. Nilijichanganya na wazee wa kutoka Bilbao kwenye makumbusho ya mambo ya kale. Kila mmoja alikuwa na kibandiko cha manjano kifuani. Changu nilikibandua kwenye ndizi. Kiongozi wao akahesabu watu, akapata mmoja zaidi. Akahesabu tena. Akamshuku mzee mmoja asiyesikia vizuri, naye maskini akashindwa kujitetea. Sikuingilia. Nilikuwa nasikiliza mambo ya vigae.

Nimejifunza haya: kati ya sanamu, wasio na pua ni Warumi. Wenye pua, pua zimetengenezwa baadaye. Vyungu vyote vilikuwa vya mafuta. Inatosha.

Mlangoni Acisclo akanidaka. Akauliza kama nimepotea njia. Nikamjibu nimekuja kupima unyevu wa hewa. Akakitazama kibandiko changu kwa muda. "Shemeji," akasema, "miaka ishirini na miwili nasimama hapa, hujaja hata kujikinga mvua. Kuna nini?" Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu, hayamhusu. Akaniambia choo kiko kushoto.

Ijumaa, 5 Mei

Amefika. Amependeza kuliko nilivyokumbuka. Nikang'ang'ania kumbebea sanduku, mgongo ukalia, nikalibeba hivyo hivyo hadi kwenye teksi huku natabasamu. Nadhani hakugundua. Aliniuliza mara mbili kama nataka kukaa chini.

Nyumbani nilimwandalia salmorejo, supu yetu baridi ya nyanya, na vipande vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Alirudia bakuli. Ghafla Acisclo huyo, na chupa ya mvinyo, eti alikuwa anapita tu. Anaishi ng'ambo ya mto! Bi Casilda akauliza makumbusho tutaanza lini. Nikatangaza kwa sauti ya mwenyeji: Jumatatu, saa nne kamili, yote manne. Acisclo akaacha kutafuna. Akanitazama. Akamtazama Bi Casilda. Kisha akaendelea kutafuna bila neno. Wivu huo.

Jumapili, 7 Mei

Siku mbili za nyua na maua. Foleni, jua, vyungu vya maua ya jerani mpaka juu ya kuta. Kila ua analoliingia anazungumza na mwenye nyumba kama wanafahamiana. Jana alimwacha mama mmoja wa mtaa wa San Basilio akicheka hadi machozi. Mimi nilishika mkoba wake. Nilijiona mtu mwenye mke. Niliogopa kidogo, kwa sababu nimeanza kuizoea sauti yake jikoni, na Jumanne iko karibu.

Leo mchana tukapita mbele ya makumbusho ya sanaa, mlango wazi. Akapendekeza tuchungulie. Nikakataa katakata. Nikamfafanulia kwamba sisi wajuzi hatuingii Jumapili, picha zinakuwa zimechoshwa na macho ya watu. Akajibu, "Haya, baba, wewe ndiye mjuzi." Akatabasamu njia nzima. Naona ameridhika.

Jumatatu, 8 Mei

Shati la kitani. Maelezo nimeyaandika ndani ya kofia. Saa nne kamili, makumbusho ya kwanza: yamefungwa. Nikasema ni mgomo. Ya pili: yamefungwa. Nikasema msiba, mkurugenzi mzee sana, afadhali amepumzika. Ya tatu: nikagonga mlango kwa kiganja, akatoka paka. Nikasema wanapuliza dawa ya wadudu. Ya nne: yamefungwa. Nikakaa juu ya jiwe mlangoni.

Bi Casilda akaketi kwenye ngazi, akavua viatu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka wapita njia wakacheka naye. Kisha akaniambia taratibu kwamba Jumatatu makumbusho karibu yote ya nchi hii hufungwa, na kwamba yeye anajua kwa sababu aliuza tiketi kwenye dirisha la makumbusho ya Burgos miaka thelathini na minne.

Sikuwa na habari. Barua arobaini, na sikuwahi kumuuliza alifanya kazi gani. Hapo niliona aibu. Aibu kweli. Nilitamani jiwe nililokalia linifunike.

Akasema alijua tangu barua ya pili, niliposifia, kama wa mji wetu, mnara ambao uko Sevilla. Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kujibu. Akasema ni kwa ajili ya kurasa zingine. Ule nilioeleza ninavyomwagilia maua ya jirani aliyelazwa. Ule wa mimi kusahau na kuandaa sahani mbili, kisha kula zote mbili ili nisiirudishe moja kabatini. Akasema makumbusho ameyachoka, ametazama migongo ya watu wanaoingia maisha yake yote. Atahamia Septemba. Sharti ni moja: nisimdanganye tena. "Mimi uniambie ukweli, Saturnino, hata kama ni wa viatu."

Nikaapa, mkono kifuani, na macho yakanilowa. Nikauliza kama sharti linawahusu na ndugu zake. Akadhani natania.

Jumanne, 9 Mei

Ameondoka saa tatu. Nilimpungia mpaka treni ikapotea, nikabaki nimesimama kama mzigo uliosahaulika. Acisclo alikuja stesheni kumuaga. Alikiri kwamba Ijumaa alinyamaza makusudi, ili nijichimbie shimo mwenyewe. Nimemsamehe. Mtu wa akili ndogo.

Nimetafakari kwa kina. Tungekwenda siku nyingine tungeingia ndani, na ningeaibika mbele ya kila sanamu. Kuichagua Jumatatu ndiko kulikoniokoa. Yaani mpango wangu umefanikiwa asilimia mia, ila kwa mlango mwingine. Mwanamke anahamia! Nani mwingine angeweza?

Limebaki jambo moja. Bi Casilda ana kaka, Leoncio, mvuvi wa trauti kwenye mito ya kwao, na Juni tutakwenda kwake ili anijue. Sharti nimelisoma vizuri kichwani: alisema nisimdanganye yeye. Kwa hiyo nimemwandikia Leoncio kurasa nne, kwamba navua trauti tangu utotoni na nina mbinu ya ukoo ambayo sijawahi kumwonyesha mtu. Barua nimeitumbukiza posta saa tano. Saa sita nilikuwa kwa muuza samaki, nikimwomba anionyeshe trauti ni yupi.